Ghorofa ya kale Mikindani: niikarabati kwa pesa zangu au niiache?

*"Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Eldoret. Mwezi wa tisa naanza kazi ya miaka miwili hapo Mtwara. Nimeonyeshwa ghorofa ya juu ya nyumba ya kale ya mawe kule Mikindani, chini yake kuna duka. Nimeipenda mno: vyumba vinne, roshani inayotazama bahari, mlango wa kuchonga. Lakini bati limeoza, kuta zinatoa unga mweupe, lipu inabanduka na nyaya za stima zinaning'inia. Kodi ni 200,000 kwa mwezi, ilhali nyumba mpya Shangani, Mtwara mjini, nimeambiwa ni 350,000. Nyumba ilikuwa ya babu yao ambaye ni marehemu, na mjukuu mmoja ndiye anayeiangalia. Anasema niitengeneze kwa pesa zangu, halafu tutakatana kwenye kodi. Fundi amenipigia hesabu ya milioni 7: paa 2,600,000, lipu ya saruji na rangi kote 2,200,000, marumaru za sakafu 900,000, stima 700,000, choo na mabomba 600,000. Anasema saruji itamaliza unyevu kabisa. Dalali naye anasema mgeni haruhusiwi kupanga kwa jina lake, nitafute Mtanzania aandikwe kwenye mkataba. Je, niichukue?"*

Dada yangu, karibu Mtwara. Swali lako limebeba maswali matatu: ukuta unaumwa nini, nani hasa anakupangisha, na pesa zako zitarudi kwa njia gani. Nimekadiria majenzi huku kusini kwa miaka mingi, na nimeona wageni wengi wakilishika moja tu kati ya hayo. Kabla hatujafika huko, acha nimalizane na dalali, kwa sababu ushauri wake unaweza kukugharimu kuliko paa.

Si kweli kwamba mgeni hawezi kupanga kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kupanga nyumba ya kuishi si kumilikishwa ardhi. Utaandikwa wewe, kwa jina lililo kwenye pasipoti yako, na utaambatanisha nakala ya kibali chako cha ukaazi. Anayeandikwa kwenye mkataba ndiye mpangaji. Ukimweka mtu mwingine, siku mkikosana yeye ndiye mwenye haki, na wewe ni mgeni uliyelala kwake. Milioni zako zitakuwa zimejengea mkataba wa mtu.

Sasa ukuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi wako, pengine kwa nia njema kabisa, anapotaka kukuharibia.

Kuta za Mikindani hazikujengwa kwa tofali. Ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyopangwa ndani ya chokaa, unene wa dhiraa moja (inchi 18 hivi) au zaidi, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya tanuru la magogo. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, na chokaa nayo ina vitundu. Maji yakiingia yanapata pa kutokea: husogea polepole hadi usoni mwa ukuta, upepo ukayachukua. Wazee waliojenga hivi walijua kwamba pwani huwezi kuyazuia maji yasiingie, ila unaweza kuyaachia njia ya kutoka.

Unga mweupe unaouona ni chumvi. Imo kwenye jiwe la baharini, imo kwenye mchanga wa pwani, na upepo unaongeza nyingine kila siku. Maji yakitembea ndani ya ukuta huiyeyusha na kuibeba. Yakifika usoni hukauka, chumvi ikabaki na kuganda kuwa fuwele. Fuwele hizo hukua ndani ya vitundu na kuisukuma lipu kwa nguvu mpaka ibanduke. Isitoshe, chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na hiyo ni hali ya usiku mwingi katika mji wa pwani. Ndiyo maana ukuta wenye chumvi unatoa jasho hata kiangazi, na mwenye nyumba anaapa kwamba hakuna bomba linalovuja. Anasema kweli.

Ukiupiga ukuta huo saruji, hujayamaliza maji. Umeufunga mlango wao. Saruji ni ngumu na nzito, haiyaachii maji yatoke upesi kama chokaa, basi hujikusanya nyuma yake na chumvi nayo hujijenga hapohapo. Msimu wa kwanza utafurahi, ukuta utakuwa laini na rangi itang'aa. Baada ya masika moja au mbili lipu itaanza kulia ukiigonga, kama boga lililo wazi ndani. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Lindi mjini ambako mpangaji aliyetangulia alipiga saruji kuta zote. Lipu ilitoka kwa mapande ya upana wa meza, imeng'oa na jiwe, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama sifongo. Kilichoniumiza zaidi hakikuwa lipu. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ndani ya ukuta huo vilikuwa vimeoza, na boriti ndizo zilizobeba sakafu ya juu.

Wewe unapanga juu, na hilo linatupa fununu muhimu. Maji ya ardhini hupanda ukutani kiasi cha mita moja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Hayafiki ghorofani. Basi unga mweupe ulioko juu umeletwa na maji ya mvua yanayoingia kupitia paa bovu na kushuka ndani ya ukuta kuanzia kichwani. Dawa ya ukuta wako ni bati. Ukishaezeka, uache ukuta upumue. Kwa makadirio tunayotumia, ukuta mnene hukauka kama inchi moja kwa mwezi kila upande, kwa hiyo ukuta wa dhiraa unaweza kuchukua miezi tisa au zaidi. Katika muda huo, kazi yako ni kufagia unga kwa brashi kavu, kuuzoa na kwenda kuutupa mbali. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu utairudisha chumvi ndani.

Palipobanduka hadi jiwe, ziba kwa chokaa: kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa vizuri kwa vipimo vitatu vya mchanga wa mtoni au wa shimoni, kamwe usiwe mchanga wa ufukweni. Pigeni tabaka nyembamba, na kila tabaka ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Chokaa haigandi kwa haraka kama saruji. Hukomaa kwa kunyonya hewa ukaa, na jua kali likiikausha kabla haijakomaa hubaki unga. Wakati mzuri ni huu wa kusi, kabla mvua hazijaanza mwishoni mwa mwaka. Kazi ya chokaa katika ghorofa kama hiyo, ukiziba tu palipohitaji, nakukadiria 600,000 badala ya zile 2,200,000 za saruji na rangi. Lipu ya zamani iliyoshika, hata kama ina sura mbaya, iache. Ipakeni chokaa nyeupe ya maji, msipake rangi ya mafuta.

Marumaru nazo zifute. Sakafu yako imekaa juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa. Ni mzigo mkubwa tayari. Saruji ya kulalia marumaru na marumaru zenyewe ni uzito mwingine ambao boriti hazikuulizwa. Vivyo hivyo kwa tangi la maji: lita 1,000 ni tani moja, na tani moja haikai katikati ya sakafu ya boriti. Liwekeni chini, uani, na pampu ndogo ipandishe maji.

Kwa paa nina neno moja la ziada. Mtwara na Lindi hatupati vimbunga mara kwa mara, lakini tunavipata. Mwaka 1952 kimbunga kilitua Lindi, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, huku watu wa Mtwara wakisubiri kwa hofu. Mpauaji afunge kenchi kwenye ukuta kwa nondo au mkanda wa chuma, asiziache zimeegemea tu, na pembeni mwa paa misumari iwe mingi kuliko katikati. Bati liwe geji 28 kuliko 30, kwa sababu chumvi ya hewani hula kwanza lile jembamba.

Tuje kwa mwenye nyumba. Umesema babu ni marehemu na mjukuu "anaiangalia". Nyumba nyingi za mawe za Mikindani ziko hivyo, na warithi wako Dar es Salaam, Zanzibar, wengine Muscat. Kuangalia nyumba si kuwa na mamlaka ya kuipangisha. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe mjukuu, kwa adabu, akuonyeshe hati ya usimamizi. Kama msimamizi ni shangazi au baba mkubwa, yeye ndiye atie sahihi, au ampe mjukuu idhini ya maandishi. Kama mirathi haijafunguliwa kabisa, usiweke hata kopo la chokaa. Uliza pia kama nyumba ni wakfu, kwa sababu hapo anayeweza kupangisha ni msimamizi wa wakfu, si mrithi. Usione haya kuuliza. Familia yenye nia njema haitakasirika, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye utakwenda kujitambulisha kwake hata hivyo, kwa kawaida anaijua historia ya nyumba kuliko dalali.

Kuna jambo ambalo wageni hulikosea sana: wanadhani ukitengeneza nyumba unapata sehemu fulani ya haki juu yake, au kwamba angalau hutaondolewa. Hapana. Bati ukishalipigilia ni la nyumba. Waya ukishaupitisha ukutani ni wa nyumba. Ulichonacho ni kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba, na maneno "tutakatana" yaliyosemwa barazani juu ya kikombe cha kahawa ni magumu kuyathibitisha siku mjukuu atakapobadilika au warithi wengine watakapotokea.

Tufanye hesabu. Kodi yako kwa miaka miwili ni 4,800,000. Fundi anataka 7,000,000. Hata usipolipa shilingi moja ya kodi kwa miezi 24, utaondoka umeiachia nyumba 2,200,000. Tukiondoa saruji na marumaru, tukaweka chokaa, tunabaki na 4,500,000. Hiyo ni miezi 22 na nusu ya kodi. Kwenye karatasi inarudi. Lakini ina maana familia haitashika pesa kwa karibu miaka miwili, na familia yenye warithi wengi haivumilii hivyo. Mwaka wa pili mtaanza kununiana.

Mimi ningepeleka pendekezo jingine. Huku kwetu si kama kwenu, ambako mpangaji huweka dhamana na kulipa mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Itumie desturi hiyo ikufae. Toa kodi ya mwaka wa kwanza, 2,400,000, kwa masharti kwamba inanunua bati, mbao na kumlipa mpauaji, na zile 200,000 zinazopungua anaongeza mwenye nyumba. Lipa dukani na kwa fundi, risiti zikiandikwa jina la msimamizi, na nakala zibaki kwako. Paa ni mzigo wake hata kisheria: Sheria ya Ardhi inamtaka anayepangisha makazi ayakabidhi yakiwa yanafaa kukaliwa na binadamu, na anayepangisha sehemu tu ya jengo abaki na jukumu la paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Wewe ubebe umeme, choo na chokaa, jumla 1,900,000, na mwaka wa pili ukatwe nusu ya kodi, yaani 100,000 kwa mwezi. Zitarudi 1,200,000. Hizo 700,000 nyingine ndiyo gharama ya roshani yako na bahari.

Kwa mpango huo, miaka miwili itakugharimu 5,500,000 kodi na ukarabati pamoja. Shangani kwa 350,000 ni 8,400,000. Tofauti ni 2,900,000, na ni pesa ya kweli. Lakini pima na upande wa pili: huwezi kuhamia siku ya kwanza. Panga kuishi mahali pengine mwezi mmoja au miwili wakati paa linaezuliwa, na hiyo italiwa kutoka kwenye tofauti ileile. Utapanda daladala kila asubuhi, kama kilomita 10 hadi mjini. Utalala kwenye chumba chenye ukuta unaokauka taratibu, wenye madoa. Kama una pumu, au kazi yako haikuachii nafasi ya kusimama na fundi, chukua ya Shangani na usijilaumu.

Ukiamua kuichukua, mkataba uwe wa maandishi kwa miaka yote miwili, na muuandike upya ukiona una sentensi inayosema mpangaji ameipokea nyumba kama ilivyo na matengenezo yote ni yake. Ambatanisha orodha ya kazi, bei, nani analipa na mwezi gani inakatwa. Weka kifungu kwamba mkataba ukivunjwa mapema na mwenye nyumba, fedha ambazo hazijakatwa zinarudishwa taslimu. Piga picha kila chumba, kila ufa, siku ya makabidhiano, pande zote zisaini. Picha hizo zitakulinda siku ya kuondoka, usije ukadaiwa ufa uliokuwepo tangu enzi za babu. Kodi iandikwe kwa shilingi. Akikutajia dola kwa sababu wewe ni mgeni, mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mambo ya ushuru wa stempu na kodi ya zuio ya pango, ambayo ni asilimia 10, yamalizeni pamoja katika ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kabla hujalipa.

Na mita. Kwetu stima ni umeme, na umeme tunaununua kwa LUKU, yaani unalipa kwanza ndipo utumie. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo unaponunua umeme, ingawa mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba. Muandike kwamba ataifidia. Hakikisha pia mita haina deni la zamani. Kazi ya nyaya afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na aziondoe zile za zamani zote, asiunganishe mpya juu ya kuukuu.

Ule mlango wa kuchonga usiubandue, usiukate, usikubali mtu aununue hata kama familia inataka. Milango ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukitaka kugusa sura ya nje, roshani au madirisha, pita kwanza Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani uulize kibali.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa kusoma barua. Ukiona ufa unaoingiza kidole cha mwisho na unaonekana pande zote mbili za ukuta, ukuta uliotoka tumbo, au sakafu inayocheza ukitembea, usilipe chochote mpaka mhandisi wa majengo afike. Kabla hajafika unaweza kufanya jaribio moja: ingia dukani chini, tazama juu pale boriti zinapoingia ukutani, na uzichome kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi kama kwenye mkate, ghorofa hiyo haipangishiki kwa kodi yoyote. Kwa upande wa karatasi, mpe wakili asome mkataba kabla ya sahihi. Mgogoro ukishatokea, baraza la kata hupatanisha tu. Kesi yenyewe husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko picha na risiti zako ndizo zitakazozungumza.

Na ukiwa humo dukani, nunua soda, ukae. Muulize mwenye duka masika iliyopita maji yalishukia wapi na ndoo alizipanga wapi. Yeye ameliishi paa hilo miaka yote ambayo mjukuu hakuwepo.